SHUKRANI KATIKA NYUMBA MPYA
(Neno kwa vijana waliooana, kuhusu sikukuu za mwisho wa mwaka)

Katika Sura Luqman ya Kurani Tukufu Mwenyezi Mungu ameziweka shukrani mbili mahali pamoja. Amemwagiza mwanadamu amshukuru Yeye aliyemwumba, tena awashukuru wazazi wake, na hapo hapo akamkumbusha taabu aliyoipata mama yake kwa kumchukua mimba na kumnyonyesha. Aya inayofuata inaeleza jambo lililo gumu zaidi, yaani mtoto afanye nini iwapo wazazi hao hao wanamshurutisha amshirikishe Mungu na kitu kingine. Hukumu iliyotolewa ina pande mbili: asiwatii katika jambo hilo, wala asiache kukaa nao kwa wema katika mambo ya dunia. Watu wengi huushika upande mmoja wa hukumu hii na kuuacha ule wa pili.

Ndugu msomaji, maneno haya twayaelekeza hasa kwa vijana waliooana karibuni, ambao Desemba hii itawakuta kwa mara ya kwanza katika nyumba yao wenyewe, wakiwa wamekwisha ingia katika Uislamu au wangali wanauchungua.

Desemba katika nchi ya pamba

Na tuchukue mfano wa Sapiwi, katika wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu. Katika nchi ya Wasukuma arusi nyingi hufanywa wakati wa kipupwe, baada ya mavuno, kwa kuwa pamba imekwisha uzwa na gharama ya karamu yapatikana. Basi bwana na bibi walioanza maisha yao mwezi wa Julai hawatimizi nusu mwaka kabla ya sikukuu za Desemba kuwafikia.

Huko Ulaya mwezi huu ni wa baridi kali. Kazi za shamba zimesimama, na watu hukaa ndani wakiota moto. Simiyu mambo ni kinyume. Mvua zimeanza, pamba inapandwa kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba, mahindi na mtama yanadai palizi, na chakula cha ghalani kinapungua. Lakini wakati huo huo shule zimefungwa, jamaa walio Mwanza na Dar es Salaam wanarudi nyumbani, na redio kutwa nzima zinatangaza Krismasi na Mwaka Mpya. Hivyo mwezi wenye kazi nyingi umekuwa pia mwezi wa likizo, na mwezi ambao fedha za pamba zimekwisha umekuwa ndio mwezi wa matumizi makubwa.

Sasa fikiri hali ya vijana hao wawili. Wazee wa mke ni Wakristo, nao wanamngoja binti yao mezani tarehe 25. Wazee wa mume ni watu wa matambiko. Wanataka kijana wao aje na pombe awatambikie wahenga, kuwashukuru kwa kuwa, kwa imani yao, ndio waliompatia mke. Majirani wanatazama nani atavaa nguo mpya. Na ndani ya sanduku fedha iliyobaki ni ya mbegu na ya kulipa vibarua wa palizi. Je, wafanye nini?

Makosa mawili

Kijana mmoja hufuata kila jambo. Leo yuko kanisani, kesho yuko penye tambiko, na keshokutwa yuko msikitini, asije akamkasirisha mtu. Huyu hudhani kwamba amewashukuru wazazi wote, kumbe amemsahau Yule ambaye wazazi hao wenyewe ni zawadi Yake.

Kijana wa pili hufunga mlango. Humkataza mkewe asiende kwao mpaka Januari ipite, huacha kusalimu wazee, na hudhani kwamba ameitetea dini. Huyu naye amekosa, kwani Mola aliyemkataza ushirikina ndiye aliyemwamuru wema kwa wazazi, tena katika aya ile ile. Mara nyingi ni kijana wa namna hii awafanyaye wakwe zake wauchukie Uislamu kabla hawajausikia.

Mkulima wa pamba anayo hekima ya kutufundisha hapa. Kila mwaka wataalamu wa kilimo humhimiza ang'oe masalia ya pamba na kuyachoma kabla ya tarehe 15 Septemba, kwa sababu wadudu wa msimu uliopita hujificha humo na kungojea pamba mpya. Mkulima mwenye akili huyang'oa yote asibakize hata shina moja. Lakini haliachi shamba, wala hautupi udongo wake. Vivyo hivyo ushirikina, ulevi na israfu ni masalia yapasayo kung'olewa. Bali wazazi, wakwe na ujamaa ni udongo wenyewe. Mwenye kuutupa udongo atapanda wapi?

Bibi Asma binti Abubakar (r.a.) alijiwa Madina na mama yake, ambaye wakati huo alikuwa angali mshirikina. Akamwendea Mtume Mtukufu (s.a.w.) kuuliza kama yafaa amkirimu, naye akaambiwa aunge ujamaa na mama yake. Habari hii imo katika Sahihi Bukhari. Basi ikiwa mama aliyeabudu masanamu alistahili kukirimiwa, je, mama wa Sapiwi aliyeuza mbuzi wake ili bintiye apate sare ya shule atanyimwa heshima?

Je, yafaa kuanzisha desturi mpya?

Huenda mwenye kuchungua akauliza: Waislamu wana Idi mbili tu, je, kuwa na desturi za Desemba si kuzua jambo katika dini? Swali hili ni jema, nalo lastahili jibu.

Ni kweli kwamba Idi ni mbili. Imepokewa ya kuwa Mtume Mtukufu (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za michezo tangu zama za ujahili, akawaambia kwamba Mwenyezi Mungu amewapa mahali pake siku mbili zilizo bora kuliko hizo. Yafaa tuone kwamba hakuwaacha watu bila furaha; aliwaonyesha furaha iliyo bora. Idi hizo hufuata mwezi mwandamo, ambao mwaka wake una siku 354 au 355, hivyo huzunguka katika majira yote. Lakini likizo ya Desemba hurudi pale pale kila mwaka, na siku hizo zisipojazwa na wema zitajazwa na mengine.

Jumuiya ya Ahmadiyya inayo mfano wake katika jambo hili. Mwaka 1891 mwanzilishi wake, Seyidna Ahmad (a.s.), aliwaita wafuasi wake Qadian, nchini India, katika majira ya baridi, ambapo ofisi za serikali ya Waingereza zilikuwa na likizo. Tarehe 27 Desemba wakakusanyika watu 75. Kisha akatangaza kwamba mkutano huo ufanywe kila mwaka katika siku hizo za mwisho wa Desemba, ili watu wapate elimu, wajuane na kuombeana dua. Ndio mwanzo wa Mkutano wa Mwaka, uitwao Jalsa Salana, ambao leo hufanywa katika nchi nyingi, Tanzania ikiwa mojawapo, kila nchi kwa wakati unaoifaa. Hakuifanya kuwa Idi ya tatu, wala hakuizua ibada mpya. Alichukua siku za mapumziko ambazo wengi walizipoteza bure, akazitia kazi njema.

Kwa njia hiyo hiyo nyumba mpya yaweza kujiwekea desturi zake. Tutataja nne, nazo zote ni Sunna za zamani. Siku tu ndiyo iliyochaguliwa kwa kuwa nafasi ipo.

Desturi nne

Kwanza, usiku wa kuamkia Mwaka Mpya bwana na bibi waamke kusali Tahajjud. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alimwombea rehema mume anayeamka usiku akasali, kisha akamwamsha mkewe, na akiona usingizi umemlemea akamnyunyizia maji usoni, tena akamwombea rehema mke amfanyiaye mumewe vivyo hivyo. Tazama, ndugu, jinsi dini inavyoleta tabasamu hata katika ibada ya usiku! Na Bibi Aisha (r.a.) alipomwona Mtume akisimama katika sala hadi miguu yake ikavimba, alimwuliza kwa nini ajitaabishe ilhali Mungu amekwisha msamehe. Akajibiwa kwa swali: je, asiwe mja mwenye shukrani? Basi kumbe shukrani huweza kuwa kusimama usiku, wakati wengine wamelala au wamelewa.

Pili, wawazuru wazazi wa pande zote mbili. Wasiende mikono mitupu, lakini pia wasikope ili waonekane. Zawadi iliyo bora katika mwezi huu ni jembe. Mkwe afikaye asubuhi akashika mstari wa palizi pamoja na baba mkwe mpaka adhuhuri, ametoa zawadi isiyonunuliwa dukani, na mzee hataisahau. Mke naye achukue michembe au kuku kwa mama yake, akae naye jikoni. Ibada ya wenyeji waiache kwa wenyewe. Chakula cha halali wale kwa furaha. Wala siku hiyo isigeuzwe kuwa ya mabishano. Ni kweli kwamba Injili hazitaji tarehe ya kuzaliwa kwa Yesu, lakini neno hilo lina wakati wake, na mezani kwa mama mkwe si mahali pake. Afadhali mama huyo asikie kutoka kwa binti yake kwamba katika Kurani Tukufu imo sura nzima yenye jina la Mariamu, na kwamba hakuna Mwislamu asiyemheshimu mwanawe. Huenda neno hilo likamfanya aulize zaidi.

Na wazee wa matambiko wajibiwe kwa adabu, kwa magoti chini kama ilivyo desturi: “Baba, nakushukuru wewe uliyetoa ng'ombe wa mahari, na namshukuru Mungu aliyekupa ng'ombe. Wahenga nawakumbuka, lakini maombi ni ya Mungu peke yake.” Mzee huenda akanuna mwaka wa kwanza. Kijana na asinune naye. Bali arudi tena wiki ya pili, amchotee maji, amtengenezee paa linalovuja. Mwaka wa tatu mzee atajua kwamba mwanawe hakumkimbia.

Tatu, wakae pamoja jioni moja wafanye hesabu ya mwaka. Waseme pamba ilileta kiasi gani, na kilikwenda wapi. Kurani Tukufu katika Sura Furqan imewasifu wale ambao wanapotoa hawafanyi israfu wala ubahili, bali hushika kati. Basi waitenge kwanza fedha ya mbegu na palizi, kisha sadaka hata ikiwa ndogo, kisha sare na madaftari ya wadogo zao wanaofungua shule Januari, na baadaye ndipo ifuate nguo na kitoweo. Apewaye mbegu akaipika hakumshukuru aliyempa.

Katika kikao hicho mume amtajie mkewe mambo ambayo amemshukuria tangu siku ya arusi, na mke afanye hivyo hivyo. Wengi huona haya kufanya hivi. Mwanamume huweza kumsifu ng'ombe wake mnadani lakini asimsifu mkewe nyumbani. Mtume Mtukufu (s.a.w.) amefundisha kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu, na kwamba hata tonge ambalo mume humtia mkewe kinywani lina thawabu. Yeye mwenyewe alishindana mbio na Bibi Aisha safarini. Mara ya kwanza Bibi Aisha akashinda, na baada ya miaka akashinda Mtume. Nani basi atasema kwamba nyumba ya dini ni nyumba isiyo na kicheko?

Nne, wawatumikie majirani. Katika Ujerumani na Uingereza vijana wa Jumuiya, wakishasali alfajiri ya tarehe 1 Januari, hutoka na mifagio katika baridi ile wakazoa mabaki ya fataki na chupa zilizoachwa na waliokesha barabarani. Sapiwi hakuna theluji, lakini kuna visima vya kusafishwa, njia zilizokatwa na mvua, na wajane ambao palizi imewashinda. Vijana wawili wakianza, wa tatu atajiunga.

Nyumba hujengwa mapema

Enyi vijana, desturi za nyumba hupandwa kama pamba: zina wakati wake. Ukichelewa, magugu hukutangulia. Jambo mtakalolifanya Desemba hii pasipo kulifikiri, mtalirudia Desemba ijayo kwa mazoea, na watoto wenu watalirithi kana kwamba lilikuwako tangu mwanzo wa dunia. Basi heri mlichague ninyi kabla halijawachagua.

Katika Sura Rum Mwenyezi Mungu amehesabu mapenzi na huruma baina ya mume na mke kuwa ni miongoni mwa ishara Zake. Na katika Sura Ibrahim ameahidi kwamba wenye kushukuru atawazidishia. Hakusema atawazidishia nini. Ameacha wazi, ili kila nyumba ipate kuona kwa macho yake.

Mwenyezi Mungu azijalie nyumba changa za Simiyu na za kila mahali ziwe nyumba za shukrani, aipe mvua kiasi chake na pamba uzima wake, na awalainishe mioyo wazee na vijana wao. Amin.