Kutoka Kitabu cha Pensheni hadi Kizimbani

Uingereza ilianza kuwalipa wazee pensheni tarehe 1 Januari 1909, na fedha zikapitia posta. Kwa miaka mingi kila mstaafu alikuwa na kitabu chake. Siku ya malipo anafika dirishani, anatia sahihi, karani anachana kipande, anagonga muhuri, anamhesabia mzee fedha zake. Kipande kile kilibaki posta. Jioni hesabu zikigoma, mkuu wa posta alimwaga vipande mezani akavihesabu upya, kimoja kimoja, mpaka aone alipokosea.

Kasoro ya vitabu ilikuwa ya kweli: kikiibwa, mwizi alikula pensheni ya mzee. Ndiyo maana mwaka 1996 serikali na posta ziliipa kampuni ya ICL Pathway kazi ya kutengeneza kadi ya malipo na kutia kompyuta katika posta zote. Kazi ilichelewa, na Mei 1999 serikali ikaifuta kadi. Kompyuta zikabaki. Mfumo uliobuniwa kwa ajili ya pensheni ukageuzwa kuwa mfumo wa hesabu za posta, ule unaojulikana kama Horizon. Vitabu vyenyewe viliondolewa baadaye, kati ya 2003 na 2005, wazee wakahamishiwa benki au kwenye kadi ya posta.

Wazee walihangaika na namba za siri, lakini walioangamia walikuwa upande wa pili wa dirisha.

Jo Hamilton aliendesha duka lenye posta katika kijiji cha South Warnborough. Siku moja kompyuta ilimwambia fedha zimepungua, paundi 2,000 na zaidi. Akapiga simu kuomba msaada, akafuata alivyoelekezwa, na upungufu ukawa maradufu mbele ya macho yake. Mkataba ulimtaka alipe kinachopungua, naye akaingia kwenye madeni, hata nyumba yake ikawekwa rehani. Wenzake wa vijiji vingine walipolalamika, wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo. Hapa ndipo ninapoumia kila nikirudia kisa hiki. Mama huyu hakuwa na vipande vya kumwaga mezani. Kumbukumbu zilikuwa ndani ya mashine, na mashine ilikuwa mikononi mwa posta, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiwashtaki watu wake.

Aliposhtakiwa, alikiri kuandika hesabu za uongo ili aepuke shtaka la wizi. Wanakijiji, wateja wake wa kila siku, walimchangia fedha, wakajaa mahakamani kumsimamia.

Sheria nayo ilikuwa imelegezwa. Zamani, aliyeleta mahakamani ushahidi wa kompyuta alipaswa kuonyesha kwamba kompyuta hiyo ilifanya kazi sawasawa. Sharti hilo lilifutwa kwa sheria ya mwaka 1999, na tangu hapo mashine ikahesabiwa kuwa nzima mpaka mshtakiwa atoe sababu ya kuitilia shaka. Muuza duka wa kijijini angeitoa wapi, kwa programu asiyoweza hata kuifungua? Kati ya 1999 na 2015 watu wa posta zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisika, wapo waliozikwa wakiitwa wezi.

Desemba 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kuzua upungufu usiokuwepo. Aprili 2021 Mahakama ya Rufaa ikafuta hatia za watu 39, Jo Hamilton akiwa mmojawao.

Nawe uliyekabidhiwa kazi ya kuhamishia pensheni za wazee wetu kwenye kadi, simu au alama za vidole, nakuomba: mwachie mstaafu na karani wake stakabadhi yenye tarehe na kiasi, na siku hesabu zitakapogoma, ikaguliwe mashine kabla mtu hajaitwa mwizi.