Kumfichua fisadi si kumsengenya

Wapo Waislamu wema ambao wakisoma gazetini habari ya kigogo aliyekula rushwa huguna: "Huku si ndiko kupekua aibu za watu?" Hoja yao ina msingi. Katika Surat Hujurat, aya ya 12, tumekatazwa kupelelezana na kusengenyana. Je, mwandishi wa habari za uchunguzi amevunja katazo hilo?

Tutazame Nyamongo, wilayani Tarime, ulipo mgodi wa dhahabu wa North Mara. Mwaka 2009 maji machafu ya mgodi yalivujia Mto Tigithe, unaoingia Mto Mara, mto unaozitenganisha Tarime na Serengeti. Mei 16, 2011 watu watano walioingia mgodini waliuawa kwa risasi za polisi. Mei 2019 Serikali iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi wa mazingira. Mwezi uliofuata, waandishi wa Forbidden Stories wakishirikiana na magazeti kama The Guardian walieleza jinsi wenzao waliofuatilia habari za mgodi huo walivyotishwa na kuzuiwa.

Sasa ndugu msomaji, hiyo ni aibu ya mtu binafsi? Anayelewa chumbani kwake, dhambi ni yake na Mola wake, tumsitiri. Lakini anayechafua mto wanaokunywa watu na mifugo, au anayekula fedha za fidia, amedhulumu umma. Kumsitiri huyo ni kumsaidia kudhulumu.

Hata hivyo, mwandishi naye ana mipaka. Aya ya 6 ya sura hiyo hiyo inataka habari ithibitishwe kwanza, wasije wakadhurika wasio na hatia. Huko huko Nyamongo kuna kinachoitwa "tegesha": nyumba hujengwa na mazao hupandwa haraka haraka ili vihesabiwe kwenye fidia. Mwandishi anayeiandama kampuni huku akimfumbia macho anayetegesha, na ofisa anayempitisha, amechunguza nusu. Na aliyepokea bahasha, iwe ya kunyamaza au ya kuandika, hana tofauti na fisadi anayemwandika.

Kwa hiyo tusimuulize mwandishi kwa nini amepekua. Tumuulize mawili: jambo hilo linamdhuru nani, na amelithibitisha vipi? Akiyajibu yote mawili, hajasengenya. Ametoa ushahidi, na kuficha ushahidi ndiyo dhambi.