Maji Ambayo Daudi Hakuyanywa

Somo: 2 Samweli 23:13-17, 1 Nyakati 22:6-10



Wapendwa katika Bwana, wiki hii tumeadhimisha Siku ya Mashujaa. Redioni tumesikia majina makubwa yakitajwa, na ni vyema, maana Neno linatuagiza kumheshimu anayestahili heshima. Lakini kila boma hapa Kanyangi lina shujaa wake ambaye hakuna redio itakayomtaja. Leo nitawaambia juu ya wangu. Ni babu yangu mzaa baba, yule tuliyemwita umau, aliyekuwa askari wa Keya. Simtaji ili tumwabudu wala ili tumwombee. Yeye tayari ameenda mbele za Hakimu wa haki. Namtaja kwa sababu maisha yake yalinifungulia somo la leo kuliko kitabu chochote nilichosoma chuoni.

Tuanze na Daudi. Alikuwa amejificha katika pango la Adulamu, na Wafilisti wameshika Bethlehemu, mji wake wa kuzaliwa. Akatamani maji ya kisima cha nyumbani, kile cha karibu na lango. Watu wake watatu wakasikia. Wakapenya katikati ya kambi ya adui, wakachota, wakamletea. Na Daudi akafanya nini? Hakunywa. Aliyamwaga mbele za Bwana. Alipotazama yale maji aliona damu ya watu waliohatarisha maisha yao.

Sisi wa Kitui tunajua maji. Tunajua kuamka saa tisa usiku na punda, kwenda kuchimba mchanga wa mto mkavu, na kungoja mpaka maji yajikusanye kikombe kwa kikombe. Mtu wa hapa akiambiwa kwamba fulani alimwaga maji chini, anauliza, "Huyo ana akili kweli?" Ndiyo, alikuwa na akili. Kuna maji ambayo ukiyaangalia huoni maji.

Babu aliandikishwa jeshini mwaka wa 1942. Wakati huo Wakamba waliandikishwa kwa wingi katika King's African Rifles, ndiyo hiyo wazee walioiita Keya. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili, na hadi uzee wake Kiswahili chake kilikuwa cha amri: njoo, kaa, haraka! Mwaka wa 1943 walivushwa bahari hadi Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka. Rafiki yake wa utotoni, kijana wa mizinga, alifuata baadaye kwa meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa Februari 1944. Tarehe 12 mwezi huo nyambizi ya Wajapani iliipiga, ikazama kwa dakika chache tu. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wakiwemo mamia ya askari wa Afrika Mashariki. Yule rafiki hakurudi. Kwao hakuna kaburi, mpaka leo.

Babu naye akapelekwa Burma, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Katika msimu wa mvua wa 1944 waliwafuata Wajapani kwenye Bonde la Kabaw. Alisema mvua ilinyesha mpaka mtu wa Ukambani akaomba Mungu afunge mbingu! Matope yalifika magotini. Ruba walinyonya damu, malaria ililaza watu wengi, na mizigo ilibebwa na nyumbu au na mgongo wa mtu. Mwanzoni mwa Desemba walifika Kalewa, kwenye Mto Chindwin. Vita vilipoisha alirudi nyumbani, mwaka wa 1946.

Alirudi na nini? Medali na koti. Serikali ya mkoloni iliwapa askari wazungu mashamba katika nchi hii. Askari Mwafrika aliambiwa asante, rudi kwenu. Hiyo ilikuwa dhuluma, na kanisa lisiogope kuiita kwa jina lake. Lakini babu alirudi na mzigo mwingine, mzito kuliko umaskini, na huo hakuuonyesha mtu.

Aliokoka katika mkutano wa injili uliofanyika chini ya mti, kabla nchi haijapata uhuru. Tangu siku hiyo hakuna aliyemshinda kwa kujitoa. Ibada ikianza saa nne, yeye yuko pale saa mbili anafagia. Kanisa lilipoanza kujengwa, alibeba mawe kwa mkokoteni wa ng'ombe wake, akaleta mchanga, akaleta maji ya kuchanganyia simiti. Na katika shamba lake, pale mto unapopinda, alichimba kisima mchangani, akakizungushia miiba ili ng'ombe wasikichafue. Hakuwahi kumfukuza mtu pale, hata wale wa ukoo ambao tulikuwa na kesi nao ya mpaka. Ndugu zake walikasirika. Yeye alisema tu, "Mwenye kiu hafukuzwi."

Lakini kulikuwa na jambo moja. Wakati wa Meza ya Bwana, babu alikuwa akitoka nje. Miaka na miaka. Mkate ukipita, yeye anaenda kuangalia ng'ombe. Alipoombwa awe mzee wa kanisa alikataa. Watu walisema ni unyenyekevu. Wengine, mnajua watu, walisema ana dhambi ya siri.

Akaja mchungaji mmoja mzee, mtu wa maneno machache. Hakumhoji. Alienda kukaa naye kisimani, siku moja, siku mbili, siku tatu. Siku ya tatu babu akasema. Asubuhi moja kule Kabaw alitumwa mbele kuangalia njia, akafika kwenye kijito. Kijana wa Kijapani alikuwa amepiga magoti, amepeleka chupa yake majini. Hakuwa na bunduki mkononi. Alikuwa anachota maji. Babu akafyatua risasi. Ilikuwa vita, na ndiyo kazi aliyotumwa. Lakini alisema hivi, nami nilisimuliwa na yeye mwenyewe: "Nyumbani kwetu hata adui akiwa kisimani unamngoja amalize."

Sasa mnaelewa kile kisima. Sasa mnaelewa kwa nini alitoka nje kikombe kilipopita. Daudi aliangalia maji akaona damu. Babu naye kila alipoangalia maji aliona damu.

Yule mchungaji hakumwambia, "Sahau, ilikuwa vita tu." Pia hakumwambia, "Wewe ni muuaji." Alimfungulia 1 Nyakati 22. Daudi alitamani kumjengea Mungu nyumba, na Mungu akamkatalia kwa sababu alikuwa amemwaga damu nyingi. Mungu haichukulii damu kijuujuu, hata damu ya vitani, hata damu ya adui. Lakini angalieni vizuri, wapendwa. Mungu alimkatalia kazi moja. Hakumkatalia uso wake. Daudi hakuenda kununa. Alikusanya mawe, chuma, shaba na mierezi, akamwachia Sulemani. Na Masihi alizaliwa katika ukoo wa nani? Daudi!

Kisha akamwambia neno ambalo babu alilirudia mpaka kufa kwake: "Mzee, mawe uliyobeba ni mazuri, na kisima hiki ni kizuri. Lakini hata ukichimba visima kutoka hapa hadi Mombasa, havitalipa tone moja. Kama vingeweza kulipa, Yesu alikufa kwa nini?"

Hapo ndipo penye injili yote. Babu alikuwa anamtumikia Mungu kama mtu anayelipa deni lisilopungua. Kumbe deni lilikuwa limelipwa Golgotha, na lililipwa kwa damu. Jumapili iliyofuata hakutoka nje. Kikombe kilipomfikia mikono ilitetemeka mpaka mama aliyeketi karibu naye akamsaidia kukishika. Akanywa. Daudi alimwaga maji kwa sababu yalikuwa mfano wa damu ya watu wake. Babu alikunywa kikombe kwa sababu ni ishara ya damu ya Mwana wa Mungu, iliyomwagwa ili sisi tusimwagwe.

Je, aliacha kisima? Hapana! Aliendelea kukichimba kila kiangazi, mpaka mwaka wake wa mwisho, 1991. Tofauti ni kwamba sasa alichimba akiimba. Kazi ni ile ile, lakini mtumwa alikuwa amekuwa mwana.

Wapendwa, najua ninaongea na nani. Kuna vijana wetu waliovaa sare, waliotumwa Somalia, wamerudi na hawalali usiku. Kuna dereva aliyegonga mtu barabarani, mahakama ikamwachilia, lakini moyo wake haujamwachilia. Kuna mama anayekumbuka jambo la miaka thelathini iliyopita. Unatoa fungu la kumi, unapika kwenye kongamano, unafunga na kuomba, na bado Meza ikifika unapata sababu ya kutoka nje. Nakuambia kwa jina la Yesu: utumishi wako ni mzuri, lakini si fidia. Fidia ilishatolewa.

Na ninyi mnaoketi karibu na mtu kama huyo, acheni kunong'ona. Yule mchungaji alikaa kisimani siku tatu kabla ya kusikia neno moja. Nani kati yetu ana siku tatu za kukaa na mzee? Wengi wa wale wa Burma wametuacha. Lakini wako wazee na askari waliostaafu katika vijiji vyetu, wana mizigo ambayo hawajawahi kuitua. Wiki hii mtembelee mmoja. Chukua sukari, chukua majani ya chai, kaa. Usiulize haraka.

Jumapili ijayo tuna Meza ya Bwana. Ukiwa na jambo, njoo mapema, Jumamosi nitakuwa ofisini mchana wote, tuongee na tuombe. Halafu Jumapili usitoke nje. Baki. Mkono ukitetemeka, jirani yako atakushikia kikombe.

Tuombe. Baba, unajua tulichokiona na tulichokifanya, vitani na nyumbani. Tunaileta damu iliyo mikononi mwetu chini ya damu ya Mwanao. Tutue mzigo, kisha utupe nguvu ya kuchimba visima kama watu walio huru. Katika jina la Yesu. Amina.