Roketi na Sufuria Tupu

Vijana wetu wameniuliza zaidi ya mara moja: ni haki kweli mtu kufurahia roketi ikipaa, na jirani amelala njaa?

Swali hili si geni. Tarehe 15 Julai 1969, siku moja kabla ya Apollo 11 kuondoka Florida kwenda mwezini, mchungaji Ralph Abernathy alifika pale na familia maskini na mikokoteni ya nyumbu. Alitaka taifa lenye uwezo wa kufika mwezini lilishe watoto wake kwanza. Mkuu wa NASA, Thomas Paine, akamjibu kwamba kama kutobonyeza kitufe kungemaliza umaskini, wasingekibonyeza. Abernathy hakuilaani safari ile. Alikubali kuwaombea wanaanga, na baadhi ya familia zile zikapewa nafasi ya kutazama.

Mimi roketi nimeiona kwa macho yangu, si kwa televisheni. Nimekulia upande wa Malindi. Pale Ngomeni, kwenye majukwaa ya San Marco baharini, Waitaliano walirusha roketi za setilaiti kuanzia 1967 hadi 1988. Setilaiti moja iliyorushwa 1970 iliitwa Uhuru, maana iliruka 12 Disemba, sikukuu yetu.

Niliyoiona mimi ni ile ya mwisho. Mwanga ulipanda kimya kutoka baharini, halafu ngurumo ikatufikia baadaye, kwa sababu sauti huenda polepole kuliko nuru. Kifua kilitetemeka. Watu wakasema, "Ee Mungu!" bila kuambiwa. Mama alitazama mpaka ikapotea, kisha akasema: "Mungu ni mkuu. Sasa, maji ya kesho nani atachota?"

Wengine walicheka. Mimi nimelitafakari neno lile miaka mingi, na naona lina mambo mawili ambayo sisi hupenda kuyatenganisha.

Katika Yohana 12, Yuda alilalamika kwamba marhamu ya Mariamu yangeuzwa maskini wapewe. Yohana anatufunulia kwamba maskini hakuwajali. Kwa hiyo, si kila anayewataja maskini ili kuzima furaha ya wengine anawapenda. Lakini usikimbilie hapo ukajificha, mpendwa. Abernathy alikuja na maskini wenyewe, si kwa maneno tu. Madai yake yalikuwa ya haki.

Sasa fungua Matendo 1. Wanafunzi walimtazama Bwana akipaa, macho hayabanduki. Malaika hawakuwaambia kwamba kutazama ni dhambi. Waliwauliza kwa nini bado wamesimama. Basi wakarudi mjini, wakaomba, Roho akashuka, na ukifika sura ya 4 hakuna mwenzao aliyekosa mahitaji.

Jibu langu kwa vijana ni hili: furahini. Hata Daudi katika Zaburi 8 aliinua macho akashangaa, na mshangao ule ukamrudisha kumfikiria mwanadamu. Kosa ni kubaki pale tumesimama. Na hili latuhusu hata sisi tusiojenga roketi, maana tunaweza kusifu hadi machozi yatoke, kisha tukampita mjane mlangoni.

Jumapili hii, ibada ikiisha, kabla hujapanda matatu, muulize uliyeketi naye kama nyumbani kuna unga. Uliza ukiwa tayari kusikia jibu.