Jumatano: Je, Neema Humfikia Hata Muuaji?

Soma Warumi 3:23–26, Luka 23:39–43, Matendo 7:58–8:1. Mafungu haya yanasema nini juu ya mtu ambaye hana chochote cha kulipa?

Katika delta ya Rufiji, kule Kiongoroni na vijiji jirani, maji ya bahari hupanda na kushuka kila siku katikati ya mikoko. Yakiingia shambani huacha chumvi, na chumvi ni adui wa mpunga. Hakuna jembe linaloweza kuitoa. Mkulima hutegemea mvua na maji ya mto yanayoshuka kutoka bara; hayo ndiyo yanayoisuuza ardhi. Ndivyo ilivyo hatia ya dhambi. Mwenye dhambi hawezi kujisafisha kwa bidii yake. Msaada hutoka nje yake. Huko ndiko kuhesabiwa haki kwa neema.

Fundisho hili ni jepesi linapohusu makosa madogo. Watu wa Kibiti wanajua lilipo gumu. Mwaka 2016 na 2017, viongozi wa vijiji waliuawa katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, na Aprili 13, 2017, askari polisi 8 waliuawa kwa siku moja. Wajane na yatima wangali wanabeba msiba huo. Wakisikia kwamba Kristo huwasamehe wauaji, wana haki ya kuuliza: Je, damu ya wapendwa wetu ni bure?

Msalaba unajibu: Hapana. Paulo anafundisha kwamba Mungu alimtoa Kristo ili Yeye mwenyewe aonekane kuwa mwenye haki hata anapomhesabia haki anayeamini. Msamaha hausemi kwamba dhambi ni ndogo. Ni kubwa kiasi kwamba hakuna kilichotosha kuilipa ila uhai wa Mwana wa Mungu. Paulo aliyaandika hayo akijua kwamba naye aliwahi kulinda nguo za waliompiga Stefano kwa mawe, na kuona vema auawe.

Mtazame pia mhalifu pale msalabani. Hakuwa na muda wa kurudisha alichoiba wala kutenda jema lolote. Alikiri kwamba hukumu yake ni halali, akamwomba Yesu amkumbuke, akapokelewa. Hata hivyo hakuteremshwa. Alifia pale pale. Neema humwondolea mtu hatia mbele za Mungu, lakini haifuti kazi ya mahakama (Warumi 13:1–4). Muuaji aliyetubu kweli hajifichi nyuma ya ubatizo. Husema kweli na kuikubali hukumu, akiwa na amani ambayo gereza haliwezi kumnyang'anya.

Na mjane je? Kanisa lisimharakishe. Zaburi ya 13 inaanza na kilio, nayo ni maombi halali. Akae na wenzake, alie, aombewe, mpaka Mungu atakapompa nguvu ya kuomba maneno ya Mathayo 6:12. Wala asiwepo anayemhesabu kuwa mdhambi kwa sababu bado anaumia. Kila aliyeketi darasani ana chumvi katika shamba lake, naye anangoja maji yale yale.

Maswali ya Kujadili

1. Kusamehe na kuachilia uovu uendelee vinatofautiana wapi?
2. Mtu aliyewahi kuua akija kanisani kwenu akitaka kubatizwa, mtamwambia nini kuhusu sheria ya nchi?
3. Ni dhambi gani yako mwenyewe unayoona vigumu kuamini kwamba imesamehewa? Kwa nini?