Mpira Ukizama Rafuni

Mwanangu, haya nimewaambia wengi kabla yako, na sauti yenyewe imechoka. Nitayasema tena kwa kuwa kila Jumamosi naona kadi za gofu zikiharibika mahali pale pale. Haziharibiki kwenye tii wala kwenye grini. Zinaharibika rafuni, ndani ya nyasi ndefu kando ya njia, pale mchezaji anapochomoa fimbo mkobani kabla hajainama kuutazama mpira.

Inama kwanza. Namna mpira ulivyolala ndiyo itakayokuambia la kufanya, wala si umbali uliobaki hadi kwenye bendera. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia aliyechambua mikwaju ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani, alionyesha kwamba wakiwa kwenye nyasi fupi, yadi 100 kutoka shimoni, humaliza kwa wastani wa mikwaju 2.80. Wakiwa rafuni, umbali ule ule, ni 3.02. Tofauti ni kama moja ya tano ya mkwaju. Hicho ndicho nyasi zinachomtoza mtu anayezijua. Basi wewe ukitoka humo umepoteza mikwaju mitatu, usizilaumu nyasi. Zenyewe zimechukua kidogo. Kilichobaki umekitoa mwenyewe, kwa haraka na kwa hasira.

Zijue nyasi zetu. Viwanja vya Nairobi, Muthaiga kikiwemo, vina nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda hizi hizi za juu za Afrika Mashariki. Zilivuka bahari, na leo zinawasumbua mabingwa huko kwenye uwanja wa Riviera, Los Angeles. Ukiwaona kwenye televisheni wakipiga kwa nguvu na mpira ukasogea hatua chache tu, ujue wamekutana na majani ya nyumbani kwako. Mashina yake ni magumu, yanatambaa na kusukana mpaka yanafanya tabaka nene. Mpira wakati mwingine hubaki juu ya tabaka hilo, na wengi hufurahi mapema. Wanashusha fimbo wima, inapita chini ya mpira, na mpira unaanguka mbele ya viatu vyao. Mpira uliokaa juu unataka kufagiwa, fimbo ikipita karibu sambamba na ardhi. Wala usiiegemeze fimbo nyuma yake, maana ukiusogeza umejiongezea mkwaju wa adhabu.

Lakini mara nyingi, hasa mvua za masika zikishika, mpira huzama hadi chini. Hapo kazi inabadilika. Aliyefyeka nyasi mbichi kwa fyekeo anaijua nguvu yake: ukilegeza mkono, chuma kinageuka. Majani hujifunga kwenye shingo ya fimbo, ncha inatangulia, uso unajifunga, na mpira wa anayepiga kwa mkono wa kulia unakwenda kushoto. Ndiyo maana nakuambia uishike fimbo kwa nguvu kidogo kuliko kawaida, hasa kwa vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto, na uufungue uso wake kidogo kabla ya kupiga. Uweke mpira nyuma kidogo, upande wa mguu wa kulia. Uzito uegemee mguu wa kushoto tangu mwanzo na ubaki huko. Inua fimbo mapema, uishushe kwa pembe kali, ili ikutane na majani machache kabla ya kuufikia mpira. Usijaribu kuuinua mpira kwa mikono. Mwinamo wa uso wa fimbo utauinua wenyewe.

Aini ndefu, namba 3 na namba 4, zisahau humo ndani. Haibridi ina tumbo la mviringo linalopenya majani vizuri zaidi, nayo utaitumia tu ukiuona mpira angalau nusu yake. Usipouona, ni weji au aini namba 9, hata kama bendera iko yadi 200.

Kuna mlalo mmoja unaowadanganya hata wachezaji wazuri, nao ni ule wa nyasi za wastani, mpira ukionekana vizuri na majani machache nyuma yake. Unadhani umepona. Kumbe majani yale, na maji yaliyomo ndani yake, yanaingia kati ya uso wa fimbo na mpira, na mifereji iliyochongwa usoni haiushiki tena. Mpira unatoka bila ule mzunguko wa kurudi nyuma unaoufanya utulie, na ukitua unakimbia. Mwaka 2010 sheria za mifereji zilikazwa, kingo zake zikapunguzwa makali, kusudi hasa mabingwa nao waonje tabu hii. Nasi tunacheza zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ambako hewa nyepesi tayari inaurefusha mpira. Kwa hiyo kwenye mlalo huo chukua fimbo fupi zaidi, lenga mbele ya grini, uuache mpira ujikimbilie wenyewe.

Najua utanijibu kwa jina la Seve Ballesteros. Vijana wote hunijibu hivyo. Ni kweli alijifunza akiwa mtoto kwa aini namba 3 moja kwenye ufuo wa Pedreña, Uhispania. Ni kweli alishinda Kenya Open mwaka 1978. Na mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya The Open pale Royal Lytham, Uingereza, mpira wake ulienda hadi kwenye maegesho ya muda ya magari na bado akapata bedi kwenye shimo lile. Lakini angalia vizuri. Kwa sababu ya magari alipewa nafuu bila adhabu, akaudondosha mpira, akapiga kwa weji. Hakuung'oa kutoka ndani ya majani ya magotini. Ushujaa wake ulianzia kwenye kuusoma mlalo, na hicho ndicho mnachokiruka mnapomuiga.

Afadhali umkumbuke Jean van de Velde, Mfaransa, kwenye mashindano hayo hayo pale Carnoustie, Scotland, mwaka 1999. Alisimama kwenye tii ya shimo la mwisho, la 18, akiongoza kwa mikwaju mitatu. 6 ingetosha kumpa taji. Mkwaju wake wa pili uligonga jukwaa la watazamaji, ukagonga ukuta wa mawe wa kijito cha Barry Burn, ukarudi na kuzama ndani ya rafu nene. Hata hapo taji lilikuwa lake. Angeweza kuutoa mpira pembeni, kwenye nyasi fupi, kisha avuke maji kwa utulivu. Akaelekea kwenye grini moja kwa moja. Majani yakaishika fimbo, mpira ukaangukia kijitoni. Akavua viatu na soksi, akaingia majini, akatazama, mwishowe akakubali adhabu. Akamaliza kwa 7, na Paul Lawrie akamshinda kwenye mchujo. Watu humsimulia akiwa amesimama majini. Mimi huniuma mkwaju wa kabla ya hapo.

Kutoka pembeni si woga, mwanangu. Ikiwa hata pembeni hakutokeki, sheria inakuruhusu kutangaza kuwa mpira hauchezeki: kwa mkwaju mmoja wa adhabu unaudondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili, bila kulikaribia shimo zaidi. Kuutafuta mpira una dakika tatu tangu mwaka 2019, si tano tena. Na usiyakanyage majani nyuma ya mpira, hata kama hakuna anayekuona. Adhabu yake ni mikwaju miwili, na mimi sitacheza na mtu wa namna hiyo.

Muulize kedi kabla ya kuchagua fimbo. Anayatembea majani haya kila siku. Anajua yanalalia upande gani. Yakilala kuelekea unakopiga, fimbo inapita kwa urahisi. Yakikukabili, ongeza nguvu na upunguze matumaini.

Mikeka ya uwanja wa mazoezi haitakufundisha lolote kati ya haya. Nenda kule pembeni ambako mashine ya kukata nyasi haifiki, udondoshe mipira kutoka usawa wa bega, kila mmoja uucheze ulipolala bila kuugusa. Kabla ya kupiga, sema kwa sauti utautoa wapi na utatua wapi. Anza na weji peke yake. Zile fimbo nyingine ziache kwenye gari mpaka nitakapokuambia.