Baki ya Watu Watatu

Sensa ya usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022 ilikuta Pemba watu 543,441. Aghalabu namba kama hiyo husomwa mara moja kisha ikawekwa kando, kwa kuwa kazi yake ni kujibu swali la wangapi. Hata hivyo ina tabia zake, ambazo hakuna aliyezitaka wala kuzipanga. Ni zao la 3, 79 na 2,293, na zote tatu ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. (Jina hilo lina dhuluma kidogo: kukataa kugawanywa si utasa.) Ikitengwa mikoa, ajabu huzidi. Kusini, yaani Chake Chake na Mkoani, walihesabiwa 271,350, namba yenye vigawo 60. Kaskazini, yaani Wete na Micheweni, walikuwa 272,091, ambayo, ukiacha moja na yenyewe, haikubali ila 3 na 90,697. Tofauti ni watu 741 tu, na namba moja humeguka kama mkate wa mofa, ya pili ni ngumu kama kokwa la embe.

Je, ugumu huo ni sifa ya watu wa Kaskazini? Hasha. Azaliwe mtoto mmoja Konde, namba hugeuka shufwa, ikakubali 2 na 4, ikakataa 3. Hakuna mtu aliyeibeba sifa hiyo peke yake, wala hakuna asiyeweza kuivunja.

Lakini kugawanya ni jambo la haki pia. Pemba ina majimbo 18 ya Baraza la Wawakilishi. Lau watu wote wangegawanywa sawasawa, kila jimbo lingepata 30,191, na wangebaki watatu. Mwenye hesabu huwageuza desimali na kazi ikaendelea, wala hajakosea. Ila baki ya karafuu hurudishwa kwenye pishi. Baki ya watu ina majina.

Elimu ya faraidhi ilikutana na taabu hiyo zamani, ikachagua njia nyingine. Afe mtu, aache mke, mama na wana wa kiume watano. Asili ya mas-ala ni 24: mke 3, mama 4, wana 17. Kumi na saba haigawiki kwa watano. Mwanachuoni hamwambii mwana mmoja akae kando, wala hapunguzi fungu la mama ili hesabu iwe nyepesi. Huizidisha 24 kwa 5, ikawa 120, mke akapata 15, mama 20, na kila mwana 17. Namba ndiyo inayokuzwa ili mrithi asipungue. Na wakifa wana hao kabla shamba halijagawiwa, namba hukuzwa tena, mpaka mikarafuu michache ikawa na mafungu maelfu, na fungu la mjukuu likawa dogo kuliko tawi.

Mpinzani atasema kwamba fungu kama hilo halipandiki wala halichumiki. Ni kweli, na ndiyo maana wapo warithi wanaoliacha shamba zima, wakagawana fedha za karafuu, kwa mafungu yale yale.